Robert Goddard na Daftari la Majaribio Yaliyoshindikana

Mwalimu wa sayansi atumiapo maisha ya mwanasayansi kuwa kitangulizi cha somo lake, aghalabu huchagua ile siku ya ushindi. Wanafunzi husimuliwa jinsi mvumbuzi alivyong'amua jambo, wakafurahi, wakafungua madaftari yao, na somo likaendelea. Hawaelezwi aliharibu vifaa vingapi kabla ya siku hiyo, wala alifanya nini asubuhi iliyofuata baada ya kuviharibu. Katika makala haya nakusudia kueleza maisha ya mtu ambaye siku zake za ushindi zilikuwa chache na fupi mno. Siku yake iliyo mashuhuri kuliko zote ilitokana na tukio la sekunde 2.5 tu. Siku zake nyingine nyingi zilikwisha kwa moto, moshi na vipande vya chuma vilivyotawanyika nyasini. Mtu huyo ni Robert Hutchings Goddard wa Marekani. Kilichonivuta kwake si roketi zenyewe, bali jinsi alivyozichunguza ajali za moto zilizotokea alipokuwa akijaribu injini zilizotumia oksijeni ya kimiminika. Na pia, jambo ambalo wasimulizi wengi wa maisha yake hulipita upesi, jinsi alivyoyaficha aliyoyagundua.

Goddard alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1882 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. Utotoni alikuwa mgonjwa mara kwa mara, hata akabaki nyuma ya wenzake shuleni kwa miaka kadhaa. Alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1904 alikuwa na umri wa miaka 21. Katika miaka hiyo ya kukaa nyumbani alijifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu vya maktaba. Tarehe 19 Oktoba 1899 alipanda mti wa cheri uliokuwa nyuma ya nyumba ili apogoe matawi makavu, na akiwa huko juu akawaza jinsi ambavyo ingekuwa vizuri kutengeneza chombo cha kufika sayari ya Mars. Vijana wengi hupanda miti na kuwaza mambo makubwa kuliko hayo. Tofauti ya Goddard ni kwamba aliiandika tarehe, na akaikumbuka kila mwaka mpaka mwisho wa maisha yake.

Alisoma katika Chuo cha Ufundi cha Worcester hadi mwaka 1908. Huko aliwahi kuwasha roketi ya baruti katika chumba cha chini cha jengo la fizikia, moshi ukajaa jengo zima. Walimu wake hawakumfukuza, na kwa hilo wanastahili shukrani zetu. Kisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Clark mjini humo humo, akapata shahada ya udaktari mwaka 1911. Mwaka 1913 alishikwa na kifua kikuu, na madaktari wakakata tamaa kwamba angeweza kupona. Alipona, na mwaka 1914 akapewa hataza mbili: moja ya roketi yenye hatua zaidi ya moja, na nyingine ya roketi itumiayo mafuta ya kimiminika. Mwaka huo huo alirudi Clark kuwa mwalimu wa fizikia, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi sambamba na utafiti wake.

Mwaka 1915 alithibitisha kwa jaribio kwamba roketi husukuma hata ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Matokeo hayo, pamoja na hesabu zake za jinsi ya kufika mahali pa juu sana angani, yalichapishwa na Taasisi ya Smithsonian katika kijitabu cha mwaka 1919. Kijitabu hicho kilitaja kwa ufupi uwezekano wa kufikisha roketi mwezini. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli katika tahariri yake, likidai kwamba hakujua hata kanuni ya fizikia ifundishwayo shule za sekondari, maana katika ombwe hakuna kitu cha kusukumia. Aliyekosea alikuwa mwandishi wa gazeti. Masahihisho yalitolewa tarehe 17 Julai 1969, wakati wanaanga wa Apollo 11 walipokuwa njiani kuelekea mwezini, na Goddard alikuwa amekwisha kufa miaka 24 iliyopita. Naitaja habari hii kwa sababu moja: baada ya kejeli hiyo Goddard alizidi kuwa msiri, na usiri huo tutaukuta tena mbele.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo na kueleza kwa nini roketi ihitaji oksijeni ya kimiminika, na kwa nini kimiminika hicho ni cha hatari.

Kitu chochote kiunguacho huhitaji oksijeni. Gari huipata hewani. Roketi iendayo mahali pasipo hewa sharti iibebe. Gesi huchukua nafasi kubwa, kwa hiyo njia bora ni kuipooza mpaka iwe kimiminika, jambo litokealo kwenye nyuzi 183 za Sentigredi chini ya sifuri. Lita moja ya kimiminika hicho, chenye rangi ya buluu hafifu, ikipata joto la kawaida hutoa zaidi ya lita 800 za gesi. Basi kikinaswa ndani ya bomba kati ya vali mbili zilizofungwa, bomba litapasuka. Unyevunyevu wa hewa ukiingia katika vali huganda, na vali inayopaswa kufunguka haifunguki. Hizo ni hatari za baridi na za shinikizo. Hatari ya moto ni kubwa zaidi.

Oksijeni yenyewe haiungui. Kazi yake ni kuviunguza vingine. Kila mwalimu amewahi kuiona stilwaya ya kusugulia masufuria ikimeta na kuungua inapotumbukizwa, ikiwa nyekundu kwa moto, katika gudulia lenye oksijeni. Katika mabomba ya roketi hali ni hiyo hiyo, ila shinikizo ni kubwa mara nyingi zaidi. Tone la mafuta au grisi lililoachwa na kidole cha fundi, chembe ya chuma iliyosalia baada ya bomba kukatwa, uzi wa kitambaa kilichotumika kufutia: kila kimoja chaweza kuanzisha moto. Vali ikifunguliwa kwa ghafula, gesi iliyo mbele hubanwa na kupata joto, kama pampu ya baiskeli ipatavyo moto mkononi, na joto hilo latosha kuwasha ile grisi. Grisi huwasha kipande cha mpira au ngozi kilichowekwa kuzuia uvujaji, nacho huwasha metali. Alumini na chuma, tunavyovijua kuwa ni vitu visivyoungua, huungua kama kuni kavu. Aidha, petroli na oksijeni zikitangulia kukusanyika ndani ya chumba cha mwako kabla ya cheche kutokea, haziwaki polepole bali hulipuka.

Anayeichunguza ajali ya namna hii hukabiliwa na tatizo lisilo la kawaida. Moto wa nyumba huacha mkaa, kuta na alama za mahali ulipoanzia. Moto wa oksijeni hula kwanza mahali ulipoanzia, tena hupala kabisa. Kile kipande chenye hatia, iwe ni vali, kiungo cha bomba au kizibo, ndicho hasa kinachokosekana katika mabaki. Kilichobaki ni matone ya metali iliyoyeyuka na tundu. Kwa hiyo mchunguzi hawezi kutegemea mabaki peke yake. Hana budi kuwa na habari za jinsi kila kitu kilivyokuwa kabla ya moto: bomba lilisafishwa kwa nini, vali ilifunguliwa sekunde ya ngapi, shinikizo lilikuwa kiasi gani, mwali ulikuwa na rangi gani na ulielekea upande gani. Kama habari hizo hazikuandikwa mapema, hazitapatikana tena.

Goddard alianza kuishughulikia oksijeni ya kimiminika mwaka 1921, na Novemba 1923 akawasha injini yake ya kwanza ya namna hiyo ikiwa imefungwa imara kwenye kiunzi. Kwa kipindi kirefu alihangaika na pampu ndogo za kusukumia oksijeni na petroli. Zilimshinda kwa uvujaji na kwa baridi, akaziacha na kutumia shinikizo la gesi badala yake. Tarehe 6 Desemba 1925, katika maabara ya Clark, injini moja iliwaka kwa sekunde 27 na kuuinua uzito wake yenyewe.

Tarehe 16 Machi 1926, siku ya baridi yenye theluji chini, alikwenda katika shamba la jamaa yake aliyeitwa Effie Ward huko Auburn. Alifuatana na mkewe Esther, fundi Henry Sachs, na Percy Roope aliyekuwa mwalimu mwenzake wa fizikia. Roketi ilikuwa kiunzi chembamba cha mabomba, injini ikiwa juu na matangi chini yake. Sachs aliiwasha kwa ulimi wa moto uliofungwa kwenye mti mrefu. Roketi haikuondoka mara moja. Ilinguruma pale pale, na sehemu ya chini ya mdomo wa kutolea moto ikaungua na kumomonyoka. Ilipopungua uzito iliruka, ikapanda futi 41, ikaenda mlalo futi 184, ikaangukia shambani. Muda wa kuruka ulikuwa sekunde 2.5. Esther alikuwa na kamera ya sinema iendeshwayo kwa springi, lakini springi yake ilidumu sekunde saba tu, na filamu ilikuwa imekwisha kabla ya roketi kuondoka.

Goddard aliyaandika matokeo ya siku hiyo katika kumbukumbu zake. Msomaji atarajiaye shangwe atashangaa. Ameandika vipimo, muda, na habari ya ule mdomo ulioungua, kwa utulivu ule ule alioutumia kuandika habari za majaribio yaliyolipuka. Kwake yeye kuungua kwa mdomo hakukuwa doa katika siku njema. Kulikuwa jambo la kuchunguzwa, kwani kulionyesha kwamba mahali fulani ndani ya chumba cha mwako oksijeni ilikuwa nyingi na metali iliachwa bila kinga. Nimewahi kuwauliza wanachuo wangu ni wangapi kati yao, kama wangekuwa wa kwanza duniani kurusha roketi ya namna hiyo, wangekumbuka kuandika habari ya mdomo ulioungua. Walicheka.

Tarehe 17 Julai 1929 alirusha roketi nyingine hapo Auburn, ikiwa imebeba barometa, kipimajoto na kamera. Ilipanda kama futi 90 tu, ikaanguka, na petroli iliyosalia ikalipuka kwa kishindo. Majirani walidhani ndege imeanguka. Polisi wakaja, magari ya wagonjwa yakaja, waandishi wa magazeti wakaja. Baada ya hapo mkuu wa zimamoto wa jimbo alimpiga marufuku kufanya majaribio hayo katika Massachusetts. Sioni sababu ya kumlaumu afisa huyo: mtu ayarushaye matangi ya petroli na oksijeni juu ya mashamba ya watu hana budi kutazamiwa hivyo. Goddard alihamia kwenye eneo la jeshi la serikali kuu, Camp Devens, ambako aliruhusiwa chini ya masharti makali ya kujikinga na moto, nyasi ziwe zimelowa au zimefunikwa na theluji.

Kelele za mwaka huo zilimletea heri asiyoitazamia. Rubani mashuhuri Charles Lindbergh alisoma habari zake, akamtembelea, na kwa msaada wake tajiri Daniel Guggenheim alikubali kutoa fedha za utafiti. Julai 1930 Goddard na mkewe, pamoja na mafundi wao na vifaa vyao, walihamia Roswell katika jimbo la New Mexico, nchi kame yenye nafasi kubwa na watu wachache.

Roswell ndiko alikokamilisha utaratibu wake. Karibu na karakana alijenga mnara wa futi 20 ambamo roketi ilifungwa isiweze kuruka, ikizuiwa kwa mapipa ya chuma yaliyojazwa maji. Mnara wa kurushia, wenye urefu wa futi 60, ulikuwa mbali bondeni. Walioendesha jaribio walikaa katika kibanda kilichokuwa futi 1,000 kutoka mnarani, wakafungua vali kwa mitambo ya mbali na kuzitazama mita za shinikizo kwa darubini. Msukumo wa injini ulijichora wenyewe kwenye ngoma ya karatasi iliyokuwa ikizunguka. Esther alipiga picha za roketi kabla ya jaribio na picha za mabaki baada yake, na moto uliposhika nyasi ni yeye pia aliyeshiriki kuuzima. Kisha Goddard aliandika. Alieleza injini ilitobokea wapi, upande wa oksijeni au wa petroli. Metali ilibadilika rangi wapi. Mwali ulikuwa mweupe au wa manjano. Nini kibadilishwe kabla ya jaribio lijalo. Kila jaribio lilipewa nambari, liwe limefaulu au limeshindwa, na lililoshindwa halikuandikiwa maneno machache kuliko lililofaulu.

Ugonjwa mkubwa wa injini zake ulikuwa kutoboka kwa chumba cha mwako. Ajali moja baada ya nyingine ilimwonyesha kwamba chanzo kilikuwa mpangilio wa kuingiza vimiminika: penye oksijeni ya ziada karibu na ukuta, ukuta wenyewe uligeuka kuwa fueli. Dawa aliyoitumia ni kuingiza petroli kwa namna ya kuzunguka ukutani, ili iwe utando baridi kati ya metali na moto. Haikumponya kabisa, lakini ilimwezesha kusonga mbele. Tarehe 30 Desemba 1930 roketi yake ilipanda futi 2,000. Tarehe 26 Machi 1937 nyingine ilifika kati ya futi 8,000 na 9,000 kwa makadirio, na huo ndio ulikuwa mwisho wa urefu aliowahi kuufikia. Tangu mwaka 1938 alirudi kwenye tatizo la pampu lililomshinda Worcester, safari hii kwa pampu ziendeshwazo na tabo.

Yampasa mwalimu pia aone kasoro za utaratibu huo, asije akamfanya Goddard kuwa mfano usio na waa. Kati ya jaribio na jaribio alizoea kubadilisha mambo mawili au matatu kwa pamoja. Ikiwa injini haikutoboka mara ya pili, hakuweza kusema kwa hakika ni badiliko lipi lililoiokoa. Sisi huwakataza wanafunzi wa kidato cha kwanza kufanya hivyo. Yawezekana fedha na umri vilimharakisha. Kosa hata hivyo ni kosa.

Kasoro kubwa zaidi ni ile ya usiri. Goddard hakuwa peke yake katika hatari hii. Huko Berlin, tarehe 17 Mei 1930, Max Valier alikuwa akijaribu injini ya oksijeni ya kimiminika, ikalipuka, na kipande cha chuma kikamkata mshipa mkuu wa mapafu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 35. Tarehe 21 Desemba 1932, huko Kummersdorf, kijana Wernher von Braun alisogeza mwali wa moto kwa mti mrefu kwenye injini ya alkoholi na oksijeni ambamo vimiminika vilikwisha kutangulia. Mlipuko ukaliharibu jukwaa zima la majaribio, ijapokuwa hakuna aliyekufa. Katika kundi la Goddard hakuna mtu aliyeuawa katika miaka yote hiyo. Kile kibanda cha futi 1,000 hakikujengwa kwa woga. Kilijengwa na mtu aliyezisoma ajali zake.

Mwishoni mwa Agosti 1936 mwanafunzi mmoja wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Frank Malina, alisafiri hadi Roswell. Yeye na wenzake walikuwa wakijiandaa kujaribu injini ya kwanza yao. Goddard alimpokea kwa ukarimu na kumwonyesha karakana, lakini injini zenyewe na matokeo ya majaribio hakumwonyesha. Malina akarudi. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo, katika bonde kavu la Arroyo Seco karibu na Pasadena, yeye na wenzake walijaribu injini yao iliyotumia alkoholi na gesi ya oksijeni. Walipojaribu mara ya mwisho siku hiyo, mpira wa kupitishia oksijeni ulishika moto, ukawa unajipigapiga chini kama nyoka huku ukitema miali, na vijana wakakimbia kuokoa maisha yao.

Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kurasa za Goddard zingeliizuia ajali ile. Lakini katika madaftari yaliyofungiwa Roswell mlikuwamo miaka 15 ya mafunzo juu ya jinsi oksijeni ishikavyo moto na mahali ishikapo, na mtu aliyeyahitaji alikuwa ameketi chumba cha pili. Ripoti aliyoitoa Goddard mwaka 1936 kupitia Smithsonian ilikuwa fupi, haina michoro ya ndani ya injini wala maelezo ya kina ya zilizotoboka. Matokeo yake wengine walilitatua tatizo la joto bila yeye: James Wyld mwaka 1938 alijaribu injini ambayo fueli ilizungushwa nje ya ukuta wa chumba cha mwako kabla ya kuingia ndani, na Wajerumani walirusha roketi yao ya V-2 kwa mafanikio tarehe 3 Oktoba 1942.

Wakati wa vita Goddard alilifanyia kazi jeshi la majini la Marekani huko Annapolis, akitengeneza injini za kusaidia ndege kuruka kutoka majini. Saratani ya koo ikamshika. Alikufa mjini Baltimore tarehe 10 Agosti 1945, akiwa na umri wa miaka 62.

Ni Esther aliyeyafungua madaftari. Akishirikiana na G. Edward Pendray alitoa mwaka 1948 kitabu chenye muhtasari wa majaribio ya miaka 1929 hadi 1941, na mwaka 1970 karatasi za mumewe zikachapishwa katika majuzuu matatu. Hataza zilizohesabiwa kwa jina la Goddard zilifika 214, nyingi zikiwa zimepatikana baada ya kifo chake kwa juhudi za Esther. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni moja kwa kuzitumia.

Sasa nieleze ni kwa nini naleta habari hizi katika jarida la mbinu za kufundisha. Mwaka mmoja, nikiwa katika kukagua mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa ambamo mwanachuo alikuwa akionyesha utayarishaji wa oksijeni. Kijiti chenye kaa kilitiwa guduliani mara tatu, na mara tatu kilizima. Mwanachuo alitazama saa, akawaambia wanafunzi waandike kwamba kijiti kiliwaka tena, akaendelea na ubao. Wanafunzi 40 na zaidi wakaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Tulipozungumza baadaye aliniambia kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kwamba mtihani huuliza kinachopaswa kutokea. Sikuwa na jibu la haraka. Huenda gudulia halikuzibwa vizuri, au huenda kemikali ilikuwa ya zamani. Wanafunzi wale wangeweza kuligundua hilo wenyewe kwa dakika kumi.

Tangu hapo nimekuwa nikilitumia simulizi la Goddard kabla ya jaribio la oksijeni, si baada yake. Wanachuo husikia habari za Auburn na Roswell, kisha kila kikundi hutakiwa kuandika, kabla ya kugusa chochote, hali ya kila kifaa: kizibo kimekaaje, mrija umepinda wapi, kemikali ni kiasi gani na ilifunguliwa lini, gudulia lilioshwa kwa nini. Hapo ndipo huwasha. Kikundi ambacho kijiti chake kimezima hurudi kwenye ukurasa huo, hutaja sababu moja inayoshukiwa, hubadilisha hiyo moja tu, na kurudia. Mwishoni ukurasa wa kikundi kilichoshindwa hubandikwa ukutani sawa na wa kilichofaulu, vikundi vingine vikausoma. Kazi hii huchukua vipindi viwili badala ya kimoja, na mwalimu mwenye muhtasari mrefu atalalamika, tena kwa haki. Mimi hupunguza jaribio jingine ili nipate muda huo.

Ugumu uliobaki ni wa alama. Mwanachuo mmoja aliuliza: ikiwa ukurasa wa jaribio lililoshindwa utapewa alama, ni nini kitakachomzuia mvivu asishindwe kwa makusudi? Darasa lilijadiliana kipindi kizima. Tuliafikiana kwamba katika alama kumi, tatu ziwe za matokeo, saba ziwe za maelezo, na maelezo yahesabiwe kuwa kamili pale tu kikundi kingine kitakapoweza kuyafuata na kushindwa mahali pale pale.